Nimeanza wiki ya juisi tupu na nje ni barafu: joto nitalipata wapi?

BintiMakorora: Salaam wapendwa. Mimi wa Tanga, naishi Minneapolis. Sikukuu za Desemba nimekula sambusa na biriani mpaka sketi ya kazini imegoma kufunga. Shoga yangu akanishawishi tunywe juisi tu wiki nzima: asubuhi tufaha na bitiruti, mchana spinachi na tango, usiku karoti na chungwa. Zote za friji. Basi nasimama kituoni alfajiri, nyuzi 20 chini ya sifuri, vidole sivisikii. Nikirudi ndani hita inanguruma na bado natetemeka chini ya blanketi. Mwenzangu anasema eti huo ndio uchafu unatoka. Kweli? Msiniambie "acha" bila sababu, maana karoti nimenunua za kulisha mtaa.

Kibao_Kata: Fungua genge, dada.

SistaWaZamu: Mdogo wangu, uchafu hautoki kwa kutetemeka. Kuuondoa ni kazi ya ini na figo, na vinaifanya usiku na mchana bila kusubiri bitiruti. Hiyo ni njaa. Mwili unapata joto kwa kuunguza chakula, na hata kazi ya kukisaga inatoa joto lake, hasa protini: karibu robo ya nguvu yake inaishia humo. Sasa wewe umekamua, makapi umetupa, protini hakuna, mafuta hakuna. Umebaki na maji ya sukari, tena ya baridi. Chakula kikipungua siku kadhaa mwili nao unabana matumizi, na damu inabaki ndani kulinda moyo, vidole baadaye.

Karoti zako zichemshe na dengu, kitunguu saumu, tangawizi na tui la nazi, kisha zisage kwenye blenda bila kuchuja. Tia kwenye chupa ya chai uende nayo kituoni. Tangawizi itakuchangamsha, ila joto la kudumu liko kwenye dengu na tui. Juisi ukiipenda, iwe pembeni ya chakula, na uitoe friji mapema. Spinachi na bitiruti kila siku sikushauri, hasa kama umewahi kuwa na mawe ya figo.

Halafu hujasema: unatumia dawa? Mwenye vidonge vya sukari au insulini akikaa na juisi tupu, sukari inaweza kupanda ikashuka vibaya. Na mtu akiwa kwenye baridi, akaacha kutetemeka ilhali hajapata joto, ulimi ukawa mzito, hapo ni kupiga 911.

MamaWaUlezi: Mimi niko Njombe, Julai asubuhi tunakuta sakitu kwenye majani. Huku ukimpa mtu juisi ya friji wakati huo atakuuliza amekukosea nini. Uji wa ulezi wa moto, parachichi nusu, soksi za sufu, unatoka. Sketi itafunga tu, punguza sambusa.

BintiMakorora: Mama, sambusa ziache kwanza 😂 Sista, sukari sina. Nina lisinopril ya presha, basi. Hiyo haina neno, si ndiyo? Leo nilipoinuka kitandani nikaona kizunguzungu.

SistaWaZamu: Ina neno. Dawa hiyo hufanya mwili ubakize potasiamu, na spinachi, bitiruti, karoti na chungwa zimejaa potasiamu. Ikizidi inaharibu mapigo ya moyo. Na kwa kuwa huli, presha nayo inaweza kuwa imeshuka mno, ndiyo maana kizunguzungu. Pima sasa hivi kama una mashine. Juisi ya usiku usiinywe. Kula kitu, hata yai na mkate, halafu mpigie mfamasia wako leo, umtajie dawa na kila ulichokamua. Usijikatishie dawa mwenyewe. Na ukisikia moyo unarukaruka au miguu inalegea, usingoje simu ya mtu, nenda hospitali.

BintiMakorora: 98 kwa 60. Nakaanga mayai. Nampigia.