Sauti anayo, ukumbi unapoa: mwimbaji wetu afanye nini jukwaani?

MenejaKasapa

Jambo yenu ba yaya na ba ndugu. Niko Lubumbashi, ninasimamia shughuli za mwimbaji mmoja, binti aliyekulia kwenye kwaya. Sauti yake haina ubishi: anapanda bila kukaza shingo, na noti inakaa pale alipoiweka. Anaimba rumba na nyimbo chache za gitaa kavu kwa Kiswahili. Taabu ni watu. Wimbo wa kwanza makofi yapo, wa pili yapo, kufika wa nne simu zimetoka mfukoni.

Mwezi wa saba tuna konseti ya dakika 75, usiku, mahali pa wazi. Tunangojea watu kama 600, nusu kwenye viti na nusu wamesimama. Orkestra ni gitaa mbili, besi, bateri (ngoma na sahani zake) na waitikiaji wawili; atalaku, yule mpiga vilio vya kuwachezesha watu, hatuna. Wengine wananishauri nimtafutie mwalimu wa kucheza, wengine wanasema aongee zaidi kati ya nyimbo. Ninaomba mambo ya kufanya, si ya kutia moyo.

MwalimuWaSolfa

Papa meneja, mwalimu wa kucheza angojee. Kwanza muondolee mazoea ya kwaya.

Mwanakwaya huimba macho yakiwa kwa mwalimu au kwenye daftari. Akibaki peke yake jukwaani, macho hayana pa kwenda: yanapita juu ya vichwa vya watu au yanaangukia miguuni. Agawanye uwanja sehemu tano: mbele kushoto, mbele kulia, katikati, nyuma kushoto, nyuma kulia. Mstari mmoja wa wimbo, sehemu moja. Asifagie. Achague uso mmoja, aumalizie mstari mzima, ndipo ahame. Kwa mtu aliye mita 30, wote wanaomzunguka wanaona ni wao wanaotazamwa, kwa hiyo nyuma haimgharimu chochote. Maneno ya siri ayaimbe kwa walio karibu, kiitikio akipeleke mbali. Taa zikimpiga machoni hataona mtu hata mmoja. Muombeni wa taa awashe kidogo upande wa watu kila kiitikio kinapofika.

Zoea la pili ni mwisho wa wimbo. Wanakwaya huinamisha kichwa noti ikiisha, na kanisani ni adabu njema. Kwenye konseti kichwa kikishuka kabla gitaa halijanyamaza, makofi yanakatika, maana amewaonyesha watu kwamba ameshaondoka. Abaki kichwa juu na mikono pale ilipo mpaka mlio wa mwisho wa sahani za bateri ufe, apumue mara moja, kisha aseme aksanti. Asingojee kimya kirudi. Makofi yakianza tu kushuka, bateri ihesabu wimbo unaofuata.

Tatu, toni. Kiitikio mnachotaka watu wakiimbe kiwekwe kwenye toni ya watu. Umati wa wanaume na wanawake ukiupeleka juu ya re au mi (D au E za piano), unanyamaza. Haujachukia wimbo, koo ndiyo haifiki. Tazama vitabu vya nyimbo za ibada: noti za juu kabisa zinagota hapo hapo. Wimbo mmoja au miwili ya kuitikiwa ishusheni toni moja au moja na nusu. Ile mingine aachiwe apande apendavyo.

Na kuhusu kucheza: M'Pongo Love, mwimbaji wetu wa rumba, miguu yake ilikuwa imedhoofika tangu utotoni, na bado alishika umati kwa sauti, uso na mkono mmoja. Wachezaji walikuwa pembeni yake, na mmoja wao alikuwa Tshala Muana, ambaye baadaye alijenga jina lake juu ya mchezo wa mutuashi, kiuno na yote. Njia zote mbili zinashika watu. Mwimbaji anayechezeshwa asichokiamini ndiye wanayemchoka.

BafleKampemba

Ninyi mnazungumza macho. Mimi niko kwenye meza ya sono, mitambo ya sauti. Neno lisiposikika nani ataitika nini?

Mikro ikae sentimita 2 hadi 5 kutoka mdomoni kwenye beti. Akipanda kwa nguvu, aivute mpaka sentimita 10 au 15, na airudishe mara noti ikishuka. Umbali ukizidishwa mara mbili sauti inashuka desibeli 6 hivi, kwa hiyo kuivuta mpaka kifuani ni kupotea kabisa. Waliozoea kwaya husimama mbali na mikro kwa heshima. Fundi wa sono anapandisha, monita, ile spika inayomgeukia mwimbaji, inaanza kupiga filimbi, fundi anashusha, na watu wanakosa nusu ya maneno.

Asizibe wavu kwa kiganja hata kama ameona vijana wa rapu wakifanya hivyo. Mikro ya aina ya kardioidi, kama Shure SM58, inakataa sauti ya nyuma kwa msaada wa matundu yaliyo chini ya wavu. Ukiyaziba inasikia pande zote, na larseni, ile filimbi ya spika, inafuata. Kwa SM58 monita iwe mbele yake kabisa, nyuma ya mkia wa mikro. Kwa Beta 58A, ambayo ni superkardioidi, weka monita mbili zikikaa pembeni, kwa sababu ile inasikia kidogo hata nyuma kabisa.

Sasa lile jambo la kunyosha mikro kwa watu ili waimbe. Ukisogea ukingoni mwa jukwaa na kunyosha mkono, umeipeleka mikro mbele ya bafle kubwa, zile spika za watu. Kinachotoka ni larseni, na sauti ya watu haitoki kwenye bafle hata kidogo, maana mita kadhaa ni mbali mno. Awaachie watu waimbe kwa ishara: mikro ishuke kifuani, mkono wa pili ufunguke, akae nusu hatua nyuma. Fundi apunguze gitaa, ibaki besi na bateri. Watu wakijisikia wenyewe ndipo wanaongeza.

Na asifuate makofi yao! Sauti huenda karibu mita 34 kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Aliye mita 35 anapokea pigo limechelewa sehemu hiyo, anapiga mkono, na kofi linarudi jukwaani limechelewa mara mbili. Kwa wimbo wa mapigo 120 kwa dakika hiyo ni karibu nusu pigo. Mwimbaji akiyafuata anavuta orkestra yote nyuma, bateri inagombana naye, wimbo unazama. Aongoze makofi mkono juu ya kichwa, sikio kwenye ngoma ya mguu.

MenejaKasapa

Aksanti sana. Hilo la kichwa kuinama ni yeye kabisa. Lakini sijaelewa kwa nini ni wimbo wa nne kila mara, na si wa pili au wa sita. Na kuongea je?

SoloYaKamalondo

Wimbo wa nne, dawa yake iko kwenye karatasi. Andikeni kila wimbo na toni yake, mapigo kwa dakika, na chombo kinachoufungua. Nikibahatisha: wa tatu na wa nne yote iko kwenye toni ya sol, yote kati ya 90 na 100, yote inafunguliwa na gitaa la solo peke yake. Sikio la mtu wa kawaida halijui sol, ila linajua kwamba hiki limeshakisikia. Badilisheni angalau viwili kati ya vitatu kila mnapopita kwenye wimbo mwingine. Zile za gitaa kavu msizirundike pamoja. Ya kwanza iwekeni hapo kwenye nafasi ya nne, gitaa moja na sauti, wengine waondoke jukwaani. Ukimya wa aina hiyo unarudisha macho.

Tazameni pia muda wa gitaa kufungwa upya, nyuzi zirudi kwenye toni. Sekunde arobaini za kimya na mgongo wa mpiga gitaa, simu inatoka yenyewe. Besi na bateri zizungushe mipigo miwili au minne ya wimbo unaokuja, mpiga gitaa afunge chini yake kwa kifaa cha kufungia, si kwa sikio.

Sebene, ile sehemu ya kucheza. Tangu orkestra ya Zaïko Langa Langa iwaingize maatalaku mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wetu wanangojea kuitwa wakati gitaa linapokimbia. Bila mtu wa kuita, sebene inakuwa mazoezi ya magitaa. Chukua mwitikiaji mmoja, mpe kopo la dawa ya mbu lenye mbegu ndani, mwandikieni vilio vinne au vitano vifupi vya kwenu, si vya Kinshasa. Binti yako akae upande, acheze kidogo au asicheze, anywe maji. Sebene tatu zinatosha dakika 75. Ndefu iwe ya mwisho.

Mabanga, majina ya wanaolipa ili watajwe: yasomwe ndani ya sebene tu, matatu au manne, na mwitikiaji, si yeye. Ukikata beti ya mapenzi ili kumtaja mfanyabiashara, walio nyuma wanajua hawahusiki. Mtu akipanda kumbandika noti ya pesa kwenye paji la uso, yeye aendelee na mstari wake na kutikisa kichwa kwa shukrani; mwitikiaji ndiye aokote. Mkae mmeshapatana ni nani.

Kuongea: hapana. Aimbe.

DadaRuashi

Yaya Solo, hapo ninakukatalia. Nyimbo zake za Kiswahili hazijulikani, na wimbo usiojulikana unahitaji mlango. Kinachoua ni hotuba ya dakika tatu kwenye kimya. Sentensi mbili, tatu, huku gitaa linazunguka chini, zisizozidi sekunde 20, na ya mwisho iwe maneno ya kiitikio yenyewe. Wayaseme naye mara mbili kabla wimbo haujaanza. Kilio cha kuitikia kisizidi mapigo manne, kirefu hawakishiki. Na aseme kwa Kiswahili cha Lubumbashi, "muko namna gani?", si kwa Kifaransa cha televisheni. Kabla ya wimbo wa pili kwisha, asiongee kabisa, hapo ninakubali.

Kitu ambacho hakuna aliyegusa ni viti. Kwetu walio mbele ni wakubwa waliolipa meza, wenye chupa na heshima zao, ndio wanaochelewa kuamka. Vijana wenye joto wamesimama nyuma. Msianze kwa kuwaomba wa mbele wasimame: wakikataa, uwanja wote umeona. Aombe kidogo kidogo. Kwanza kuvuma mdomo umefungwa, kisha makofi, kisha kuitika, kusimama baadaye sana, wimbo wa nane hivi. Acheni njia ya mita 2 katikati ya viti, na wimbo wa tano au wa sita ashuke awapitie wa nyuma. Wakubwa watageuza viti vyao wenyewe.

BafleKampemba

Akishuka kwenye njia atakuwa mbele ya bafle, dada. Inawezekana, lakini fundi ashushe monita zote na kukata masafa yanayolia. Mjaribu njia nzima mchana, hatua kwa hatua, na muweke alama ya utepe chini pale inapoanza kupiga filimbi. Hapo anapita kimya, haimbi.

Na mwezi wa saba Lubumbashi usiku unaweza kushuka chini ya digrii 10. Mtu mwenye baridi hatoi mikono mfukoni, msije mkasema hampendwi. Anzeni mapema, saa kumi na mbili jioni. Magitaa yatoke nje nusu saa kabla: nyuzi zikipoa zinajikaza na toni inapanda. Yeye apashe sauti akiwa na kitambaa shingoni, maji ya uvuguvugu, na ajihadhari na vumbi la kiangazi.

Umeme: msingojee umeme wa SNEL, shirika la umeme, ukatike ndipo mwashe jenereta, sono ikae kwenye jenereta tangu jaribio la mchana. Ikizimika, bateri na waitikiaji waendelee hapo hapo, yeye aje ukingoni aimbe kiitikio bila mikro. Umeme ukirudi, fundi afungue mikro baada ya kiitikio kwisha, si katikati yake. Mkitumia mikro isiyo na waya, wekeni betri mpya jioni ile, na mikro ya waya iwe tayari kwenye stendi karibu na bateri, imeshafunguliwa mezani.