Kachero, mvua na mteja mwongo: wewe hunogewa na nini? Tupeane uzoefu

#1
Wakuu, nazungumzia riwaya za upelelezi za Marekani za miaka ya 1930 na 1940. Kachero hana hela, chupa iko kwenye droo, mji umeoza. Mimi napenda mteja mwongo. Kwenye riwaya ya The Maltese Falcon ya Dashiell Hammett (1930), dada mmoja anaingia kwa kachero Sam Spade na jina la bandia, anamlilia mdogo wake wa kubuni. Baadaye Spade anamwambia yeye na mwenzake hawakuiamini hadithi yake, waliziamini dola zake 200! Nimekaa miaka minne mapokezi kwa wakili. Kila anayeingia huanza, "Si mimi, ni rafiki yangu ana shida." Hammett mwenyewe aliwahi kuwa mpelelezi wa kampuni ya upelelezi ya Pinkerton, watu hawa aliwajua.

#2
Mimi malipo. Marlowe, kachero wa riwaya za Raymond Chandler, anadai dola 25 kwa siku, gharama juu ya mteja. Mimi ni fundi umeme, nadai hivyohivyo: siku na nauli. Willy Gamba wetu, yule wa riwaya za Musiba, katumwa na serikali, hoteli imeshalipiwa, raha gani hiyo? Marlowe akiona kazi haikwenda sawa, anataka kumrudishia mteja wake mzee pesa yake. Hapo ndipo tunapoachana.

#3
Mvua. Los Angeles ni mji wa jua, lakini kwenye The Big Sleep (1939) Marlowe analowa kama sisi masika. Nilikisoma lindoni, nakala ya mtumba, mwisho umechanwa. Nikaumia wiki nzima: nani alimuua dereva wa mteja wake?

#4
#3 pole, hata ungekuwa na kurasa zote usingejua. Walipokuwa wanatengeneza filamu walimuuliza Chandler swali hilohilo, akasema hajui.

Changu ni kichekesho: kachero kupigwa kisogoni. Anazimia, anaamka, anapiga wiski, anaendelea na kazi. Mimi niliteleza ngazini nikagonga kichwa, nikatapika siku mbili, mke wangu nikamwita kwa jina la dada yake. Hiyo kesi nayo ilitaka kachero.

#5
Nyie wanaume hamjasema la wanawake. Mrembo mwenye akili lazima awe muuaji? Nimechoka. Ninayempenda ni Effie, karani wa Spade. Anapokea simu, anamtunzia siri, usiku wa manane anatumwa kumpasha habari mjane wa bosi mwingine, yule mwenzake Spade. Kazi hiyo nimeifanya kwa mshahara mdogo, naijua. Na mwisho, Spade anapomkumbatia, Effie anamwambia asimguse. Nilikifunika kitabu nikacheka peke yangu kwenye daladala.

#1
#5 umenikamata, Effie nilimsahau kabisa. Na mimi ndiye wa mapokezi!

#3
#4 kwa hiyo wiki nzima niliumia bure? Haya, mwenye nakala isiyochanwa aniazime, nipo zamu ya usiku hadi Jumapili.