Mshindani kulipia jina la biashara yako ili tangazo lake litangulie: iruhusiwe au ipigwe marufuku?

Mleta mada, Moshi

Wakuu, salaam. Mada hii inawahusu wenye biashara ndogo wanaotangaza kwenye injini za utafutaji, matangazo yale ambayo hulipi mpaka mtu abofye. Malalamiko ni mengi na mengine nayachukulia kama ya kawaida ya soko: bei kupanda msimu wa wageni, bajeti ya siku kuisha kabla ya saa nne asubuhi, watu kubofya ovyo. Mimi nataka tujadili moja tu. Je, ni haki mtu alipie jina la biashara yako, ili mteja akiliandika, litokee tangazo la huyo mtu?

Mfano ninaoufahamu ni kampuni za kupandisha wageni Kilimanjaro. Hapa Moshi nyingi ni za watu wachache. Mwenye ofisi ndiye dereva, mkewe ndiye anayejibu barua pepe. Mgeni akishuka salama geti la Mweka na cheti chake mkononi, akifika kwao anasimulia. Rafiki yake anachukua simu, anaandika jina la kampuni kama alivyoambiwa. Kinachotangulia kwenye kioo ni wakala wa London, na pembeni kuna kineno kidogo cha kusema hili ni tangazo, ambacho wengi hawakioni. Anabofya, anajaza fomu, habari imekwisha. Sifa ilijengwa na mwongozaji aliyemshika mkono yule mgeni wa kwanza usiku wa kuelekea Stella Point, kule karibu na kilele. Mavuno kachukua mwingine.

Mwenye jina afanyeje? Aingie mnadani. Kila mtu anapotafuta kitu, mfumo unapanga matangazo kwa kuangalia dau la kila mtangazaji pamoja na ubora wa tangazo lake na ukurasa wake. Kwa hiyo ukitaka kukaa juu ya jina lako mwenyewe, nawe weka dau. Ni kupangishwa nyumba uliyoijenga.

Na hili ndilo linaloniuma zaidi: Sheria ya Utalii ya 2008 imewaachia Watanzania kazi ya kupandisha watu mlimani, kwa hiyo wakala wa nje lazima atafute kampuni ya hapa. Vizuri, mlima umelindwa. Mteja je? Ananadiwa kabla hajapanda ndege, halafu kampuni ya hapa inapewa kazi kwa bei aliyoamua wakala.

Msimamo wangu: jina lililosajiliwa lisiuzwe kwa mwingine bila ridhaa ya mwenyewe. Karibuni.

Mchangiaji, Arusha

Mkuu, hapo sipo nawe. Jina lipi? Hebu pita barabara ya Sokoine usome vibao: Kilimanjaro, Serengeti, Simba, Tembo, Twiga, kisha kila mmoja kabandika "Safaris" au "Adventures" mwishoni. Ukimzuia mtu kulipia neno Serengeti kwa sababu kuna kampuni inaitwa hivyo, umemzuia hata anayepeleka watu Serengeti kila wiki.

Halafu unadhani marufuku itamlinda nani? Nilipofungua ofisi hakuna aliyekuwa ananijua. Nililipia majina ya wakubwa, mgeni aliyekuwa anawatafuta wao akaona na bei yangu, akalinganisha, wengine wakaja kwangu. Sikujifanya mimi ni wao. Jina langu liliandikwa wazi kwenye tangazo. Wewe unalia na wakala wa London, lakini sheria yako ikipita, wa kwanza kuitumia ni huyo huyo. Sisi wadogo nani anatutafuta kwa jina?

Mchangiaji, Mombasa

Hili mahakama zishalizungumza. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Ulaya, katika kesi ya Louis Vuitton, kampuni ya mitindo ya Ufaransa, na Google, ilisema kuuza maneno hayo peke yake hakuifanyi Google kuwa mvunjaji wa haki ya alama ya biashara. Wa kubanwa ni mtangazaji, endapo tangazo lake linamfanya mtu wa kawaida ashindwe kutambua huduma ni ya nani. India wakasogea mbele kidogo. Agosti 2023, kesi ya wahamisha mizigo Agarwal Packers and Movers, Mahakama Kuu ya Delhi ilisema kulipia alama ya mwenzako si kosa kwa yenyewe, lakini Google ni mshiriki, na haki ikivunjwa haiwezi kujificha kwamba yenyewe ni mpitishaji tu. Kinachokatazwa ni kumchanganya mteja, basi.

Ila niwaulize nyote: mmesajili alama? Jina la biashara na alama ya biashara ni vitu viwili. Huku Kenya jina linasajiliwa BRS, ofisi ya usajili wa biashara, na alama KIPI, taasisi ya hakimiliki za viwanda. Kwenu BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, inashughulika na vyote, lakini kwa maombi tofauti, na alama ya Bara haivuki maji. Zanzibar mna wakala wao wa usajili, BPRA. Ukiwa na alama, Google inapokea malalamiko jina lako likiandikwa ndani ya tangazo la mwingine. Likilipiwa kama neno la utafutaji tu, haiingilii.

Mchangiaji, Dar

Nasimamia matangazo ya wateja wadogo, niwaambie ninachokiona. Wengi mnaosema "kanunua jina langu," hajalinunua. Mfumo usipouzuia unalinganisha maneno kwa upana: mtu kalipia "kupanda Kilimanjaro", mfumo ukaona jina la kampuni yako linaelekea huko huko, ukaonyesha tangazo lake. Mwenyewe huenda hana habari. Anamlipia mtu aliyekuwa anakutafuta wewe, mtu huyo akifungua anaona siyo, anarudi. Mmeumia wote wawili, na pesa imeshakatwa.

Dawa ni kuweka majina ya wenzako kwenye orodha ya maneno ya kuzuia. Lakini utayazuiaje usiyoyaona? Tangu Septemba 2020 Google ilibana ripoti, ikawa inaonyesha maneno yaliyotafutwa na watu wa kutosha tu. Jina la kampuni ya watu watano Moshi linatafutwa na wangapi? Ndilo hilo linalofichwa. Nina fundi wa majokofu Sinza, kila mwezi ananiuliza waliombofya waliandika nini, namjibu nusunusu, naye anadhani namficha.

Mchangiaji, Tanga

Fungeni hizo akaunti, hamieni WhatsApp. Mnajadili mnada wa watu.

Mleta mada, Moshi

WhatsApp ndugu yangu inampata anayekujua. Mgeni wa Toronto hana namba yangu.

Kaka wa Arusha, hoja ya Serengeti naipokea, na napunguza dai. Lisiuzwe jina zima, lililosajiliwa kama alama, likiandikwa vilevile lilivyo. Neno Serengeti libaki la wote. Na kwa maelezo ya dada wa Dar naongeza: mfumo usiyalinganishe majina hayo kwa hiari yake na tangazo la mwingine, na ripoti itolewe kamili. Anayelipa aone alicholipia.

Mkinijibu kwamba hili ni soko huria, someni Marekani walisema nini. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google ilihodhi soko la matangazo ya maandishi ya utafutaji kinyume cha sheria. Kwenye kesi hiyo hiyo, Septemba 2023, ofisa wa Google, Jerry Dischler, alikiri kwamba bei ziliwahi kupandishwa kama asilimia 5 bila watangazaji kuambiwa. Hapo uhuru ni wa nani?

Mchangiaji, Arusha

Jina zima, sawa, tunaanza kuelewana. Sasa nijibu hili: kampuni ya Arusha na ya Nairobi zina jina moja, kila moja imesajili alama kwao, na mgeni yuko Toronto. Akiandika jina hilo, nani azuiwe?