Naomba ushauri: Dolphin mpya ya betri ya LFP au Leaf ya mitumba? Naishi Kitengela, kazi Upper Hill

Binti_wa_Muranga

Wadau, salaam. Naombeni mawazo yenu kabla sijatoa pesa, maana pesa yenyewe nimeiweka Sacco miaka sita.

Naishi Kitengela, nyumba ya kupanga ndani ya ploti yenye geti na maegesho. Mita ya stima ni yangu, natumia tokeni. Nafanya kazi Upper Hill siku tano kwa wiki, kwenda na kurudi kama kilomita 60, nyingi zake ni kusota kwenye foleni ya Mombasa Road. Mara moja kwa mwezi naenda kumwona mama Murang'a, safari ya karibu kilomita 240 kwenda na kurudi. Gari langu la petroli linanimaliza.

Nimeona magari mawili ya umeme. La kwanza ni Nissan Leaf ya 2018 iliyotoka Japani, betri ya kilowati-saa 40. La pili ni BYD Dolphin mpya, kilowati-saa 44.9, betri ya aina iitwayo LFP. Hii ya pili itabidi nikope zaidi. Muuzaji wa Leaf anasema betri ni betri. Muuzaji wa Dolphin anasema LFP haifi. Sijamwamini hata mmoja. Tena nasikia LFP inatakiwa kujazwa mpaka 100, ilhali simu yangu nimeambiwa nisiijaze. Nishike lipi?

Baba_Taji

Dada, mimi ni mwenye Leaf ya kilowati-saa 40, mwaka wa tatu sasa, na naipenda. Lakini nikueleze nilivyoumia ili wewe usiumie.

Kwenye dashibodi ya Leaf kuna vibao 12 vya afya ya betri. Yangu ilikuwa na 11 siku ninayoinunua, na pale yadi wakaniambia imepungua kidogo tu. Sikujua kwamba kibao cha kwanza kinabeba peke yake karibu asilimia 15. Tulipokuja kuipima nyumbani kwa programu ya LeafSpy, na kile kidude kinachochomekwa chini ya usukani, tukasoma asilimia 83. Yaani nililipia 40 nikapata kama 33. Kwa hiyo usinunue Leaf yoyote bila kuipima hivyo wewe mwenyewe, pale pale yadi. Muuzaji akikataa, ondoka.

Jingine ni soketi. Leaf ya Japani inachajiwa kwa Type 1, na chaji ya haraka ni CHAdeMO. Vituo vipya vinavyojengwa hapa Nairobi vinakuja na Type 2 na CCS2, ambazo ni soketi tofauti na hizo. Mimi nachaji nyumbani kila usiku kwa hiyo sijateseka sana, lakini safari ya Murang'a ningeipigia hesabu mara mbili.

FundiStima

Dada Binti, "betri ni betri" si kweli, na "haifi" nayo si kweli.

Betri ya Leaf ina nikeli, kobalti na manganizi. LFP ni litiamu, chuma na fosfati, haina nikeli wala kobalti. Si kitu cha jana: kundi la John Goodenough pale Chuo Kikuu cha Texas, Austin, lilichapisha kazi yake mwaka 1997, na BYD wakaleta betri yao ya Blade mwaka 2020. Uzuri wake ni kwamba fosfati inaishika oksijeni kwa nguvu, kwa hiyo betri ikipata joto kali au ikigongwa ni vigumu zaidi kulipuka moto. Uzuri wa pili ni umri. LFP nzuri huhesabiwa mizunguko 2,000 na zaidi ya kujaza na kumaliza kabla haijashuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake. Mzunguko mmoja wa Dolphin hiyo ukiwa kilomita 280, fanya mwenyewe hesabu, unapita nusu milioni ya kilomita. Gari litachoka kabla.

Ubaya wake: ni nzito kwa umeme inaobeba, na baridi ya chini ya sifuri inaisumbua sana wakati wa kuchaji. Huo ubaya wa pili ni wa Ulaya. Kitengela hauna habari nao.

Sasa hilo la kujaza mpaka 100. Volti ya LFP haishuki taratibu kama ya betri nyingine. Kuanzia asilimia 80 hivi mpaka 20, kila seli inakaa pale pale karibu na volti 3.2 au 3.3. Kompyuta ya gari haiwezi kuangalia volti ikajua umebakisha kiasi gani, kwa hiyo inahesabu umeme unaoingia na kutoka, na kosa dogo la kila siku linajilimbikiza. Ukijaza mpaka juu, volti inapanda ghafla na kompyuta inajisahihisha. Tesla, kwa Model 3 zake za LFP, huwaambia wenye gari wajaze hadi 100 angalau mara moja kwa wiki. Usipofanya hivyo betri haitakufa, ila siku moja gari litakuambia asilimia 15 na kumbe ni 6, uko kwenye foleni. Wewe jaza Jumapili usiku, Jumatatu unaondoka nalo. Usilijaze 100 kisha ukaliegesha juani wiki tatu ukisafiri, hata LFP inazeeka hivyo.

Lakini swali langu kwako ni hili: soketi utakayochajia ina waya wa ardhini unaofanya kazi? Nimefungua soketi nyingi za nyumba za kupanga nikakuta waya wa ardhini umekatwa au haujafika popote. Gari litakataa kuchaji, au mbaya zaidi, mtu atakulazimishia lichaji. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, akupimie, akuvutie laini yake peke yake kutoka kwenye boksi la umeme, yenye breka yake. Ekstensheni ya kupitishia dirishani usiifikirie kabisa.

Na wala huhitaji mashine kubwa. Kilomita 60 zako ni kama uniti 10 (yaani kilowati-saa 10) kwa siku. Soketi ya kawaida ikitoa kilowati 2 na kidogo, unachomeka saa mbili usiku, kabla ya alfajiri imeshamaliza. Mashine ya kilowati 7 ni raha, lakini ni sawa na kuwasha hita ya kuoga na zaidi kwa saa nzima, na waya wa nyumba nyingi haukupangiwa hivyo.

Mwalimu_Athi

Mimi naangalia mkopo. Dada, tuhesabu. Petroli kama shilingi 180 kwa lita, gari lako kwenye foleni tuseme kilomita 11 kwa lita: karibu 980 kwa siku. Umeme, uniti 10 na nusu ukiweka ule unaopotea njiani, kwa shilingi 28 hivi ya nyumbani: karibu 295. Unaokoa kama 690 kwa siku, siku 22 za kazi ni elfu kumi na tano kwa mwezi.

Hiyo elfu 15 ndiyo mpaka wako. Kama tofauti ya mkopo wa Dolphin na wa Leaf inakula zaidi ya hapo kila mwezi, mimi ningechukua Leaf iliyopimwa vizuri na kulala usingizi.

FundiStima

Mwalimu, hesabu ya siku za kazi nakubaliana nayo. Isipokuwa Murang'a. Leaf iliyoshuka hadi asilimia 85 ina kilowati-saa 34, kwa matumizi ya uniti 15 kwa kilomita 100 ni kama kilomita 225. Safari yake ni 240. Na Murang'a mjini uko chini kuliko Nairobi, mita 1,250 hivi, Nairobi ni karibu 1,700. Akienda anateremka, dashibodi inampa moyo, akirudi anapanda usiku. Dolphin hata ikila 16 inatumia 38 kati ya 44.9. Inafika, bila anasa.

Kanini

Da Binti, sijaona mtu akitaja kimo. Dolphin iko chini. Matuta ya Kitengela unayajua, na kama kwa mama kuna changarawe, lipeleke huko kabla hujalipa. Betri ndiyo sakafu ya gari. Pia waambie wakuonyeshe kwa maandishi kwamba dhamana ya betri inatambuliwa hapa Kenya na nani atailipa. Shemeji yangu alinunua gari la umeme lililopitia mlango wa nyuma kutoka China, soketi ya Kichina ya GB/T, skrini Kichina kitupu, na lilipoharibika kila aliyempigia alisema si letu.

Binti_wa_Muranga

Asanteni sana, kwa kweli. Mwalimu, nimeenda Sacco: tofauti ya mkopo ni 11,400 kwa mwezi, iko ndani ya mpaka wako. Landilodi amekubali fundi avute laini mradi nilipe mimi na boksi lisiguswe bila yeye kuwepo. Fundi amepima, waya wa ardhini haukuwepo. Anachimbia chuma kipya Alhamisi.

Dhamana nimeiomba kwa maandishi, bado nasubiri. Bila karatasi hiyo silipi. Jumamosi wananipa Dolphin ya majaribio na nimewaambia wazi kwamba naipeleka mpaka kwa mama, pamoja na ile kilomita moja ya changarawe. FundiStima, nikifika huko nikachomeka kwa muda wa saa nne tu wakati tunakula, napata kiasi gani?

FundiStima

Uniti 8 hivi, kilomita 50. Mwambie mama asiwashe pasi ya nguo kwenye laini hiyo hiyo. Na kabla ya kuchomeka, shika soketi yake baada ya kuitumia kwa kazi nyingine nzito: ikiwa na joto, usichaji hapo, badilisheni kwanza.