Nina miaka 15 na sina hela ya jimu, nifanye mazoezi gani nyumbani?

Kijana wa Kambini, Jinja
Habari zenu wakubwa. Mi niko S2, yaani kidato cha pili, tumefunga shule na tunakaa kambi ya polisi, chumba kimoja na mama na wadogo zangu wawili, kwa hiyo nafasi ninayo ni ya mkeka mmoja tu. Tukifungua nataka nijaribu timu ya mpira, mwaka jana niliachwa sababu kila nikigongwa nadondoka. Nikaanza pushapu 100 kila siku, 20 asubuhi zingine jioni mpaka zitimie, hii ni wiki ya tatu na bega la kulia linauma nikinyoosha mkono juu. Halafu jirani akamwambia mama eti mazoezi ya nguvu yanamfupisha mtoto, sasa mama hataki hata kuniona sakafuni. Ni kweli? Naombeni msaada jamani.

Mwalimu wa Michezo, Tororo
Kijana, kwanza pumzisha hilo bega, wiki nzima usiguse pushapu. Na mama mwambie asiogope, mtoto hafupishwi na mazoezi ya uzito wa mwili wake yakifanywa vizuri, shida ni kubeba kinachokuzidi au kufanya vibaya. Nimefundisha miaka mingi na kosa ni lile lile, mtoto anafukuza namba, viwiko vimetanuka kama mabawa ya kuku, kiuno kimebonyea, anashuka na kupanda haraka haraka ili 20 ziishe. Ukirudi, viganja viwe chini ya mabega, viwiko viangalie nyuma, kaza tumbo na matako, shuka polepole ukihesabu mpaka 3 ndo upande. Utaona hata 8 ni kazi. Zikikushinda weka mikono kwenye ukingo wa kitanda, hakuna aibu hapo.

Lakini we unataka kusimama ukigongwa, na hiyo ni miguu na kiuno. Piga skwati kama unakalia kigoda, visigino visinyanyuke. Lala chali ukunje magoti unyanyue kiuno. Planki, yaani unajishikilia kwa mikono na vidole vya miguu mwili umenyooka kama ubao, sekunde 20. Simama mguu mmoja ukipiga mswaki. Seti 3, siku 3 kwa wiki, katikati unapumzika. Shirika la Afya Duniani linasema miaka 5 mpaka 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na mazoezi ya misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki, sasa mpira na wenzio, kuruka kamba, kutembea haraka, vyote vinahesabika.

Na kwa kuwa we ni mtoto wa kambini, John Akii-Bua alikuwa polisi. Munich 1972 walimpa njia ya kwanza, ile ya ndani yenye kona kali kuliko zote, na akaruka viunzi mita 400 kwa sekunde 47.82, dhahabu ya kwanza ya Uganda Olimpiki na rekodi ya dunia. Usikiogope chumba kidogo.

Mama wa Vijana, Mbale
Mwanangu, kuruka sana kwenye sementi uangalie. Binti yangu akiwa na miaka 13 alikuwa anaruka ruka humo ndani bila viatu kila jioni, akatoka kinundu chini kidogo ya goti, ukikigusa analia. Kliniki wakatuambia pale ndipo kano ya msuli wa paja inaposhika mfupa na mfupa wenyewe bado unakua, apunguze kuruka, na kikapoa ila ilichukua miezi. Bega lako likikuuma usiku au mkono ukakataa kupanda usingoje, nenda uonwe. Chakula ni hiki hiki chetu, posho (ugali) na maharagwe, mukene (dagaa), karanga, yai likipatikana, ile poda wanayouza mitandaoni achana nayo kabisa. Na ulale masaa 8 mpaka 10, simu weka mbali.

Kaka wa Nsambya
Mdogo wangu, naongeza moja. Pushapu ni kusukuma tu, na anayesukuma bila kuvuta mabega yanajikunja mbele. Chukua begi la shule, tia vitabu, inama mgongo ukiwa umenyooka, livute mpaka mbavuni, 10 kila mkono, anza na ule mzima. Usinifuate mimi, nikiwa 16 nilifunga jerikeni mbili za lita 20 kwenye mti nikazinyanyua, hizo ni kilo 40 za maji, mti ukakatika moja ikaniangukia mguuni na nikakosa mpira likizo nzima. Begi ukilichoka ongeza kitabu kimoja.

Kijana wa Kambini, Jinja
Asanteni sana wakubwa, nimemsomea mama yote na amekubali. Nimejaribu skwati sasa hivi, mdogo wangu akanishikia kisigino cha kushoto, ya saba akasema "kaka kimetoka", nikaanza upya. Mwalimu, planki si itaumiza bega?

Mwalimu wa Michezo, Tororo
Lalia viwiko, siyo viganja. Ukisikia bega, acha siku hiyo, fanya ile ya kunyanyua kiuno. Na huyo mdogo wako aendelee kushika kisigino, yeye ndo kocha wako kwa sasa.