IP ya seva ipo wazi klaudi na inapigwa DDoS (mashine nyingi zinaigonga kwa pamoja mpaka izidiwe): nilipie ulinzi wa Azure, nijifiche nyuma ya Cloudflare au nihame kabisa?

mwana_ilazo
Wakuu habari za jioni. Niko Dodoma hapa Ilazo, nina kamfumo kangu ka wafanyabiashara wa mahindi, mtu yuko Kibaigwa anaangalia bei ya gunia kwenye simu, na wenye malori wanaona gari zao zimefika wapi. Kila kitu kipo kwenye VM moja (seva pepe ya kukodi) ya Azure, klaudi ya Microsoft, Johannesburg, IP moja ya pablik, poti 443 ya wavuti na 5023 ya traka za GPS. Sasa Jumatatu asubuhi soko ndio limechangamka mfumo ukafa, nikauwasha ukafa tena, mchana ikaingia meseji WhatsApp kwa namba ya nje, eti lipa dola 120 tuache. Sijalipa. Wateja wamenipigia mpaka simu ikaisha chaji.

Nimepiga hesabu mpaka nimechoka. Azure wana DDoS IP Protection dola 199 kwa mwezi kwa IP moja, nikipiga kwa 2,500 ni kama laki tano hiyo. Ile kubwa ya Network Protection dola 2,944 inabeba mpaka IP 100, hata tusiijadili. Au Cloudflare ya bure, wale wanaokaa mbele ya seva yako wanachuja trafiki, au nihamie kampuni za seva kama OVH au Hetzner ambako kinga ipo ndani ya bei. Mfumo wenyewe unaniingizia milioni moja na kidogo kwa mwezi. Naomba mawazo, matusi nimeshayapata ya kutosha kwa wateja.

fundi_nkuhungu
Pole mkuu. Azure kuna kinga ya bure ambayo tayari unayo, ipo kwa IP zote, ila imewekwa kulinda miundombinu yao wenyewe sio kiVM chako, kwa hiyo kiwango chake cha kuamka kiko juu sana. Gharika ya kukuzamisha wewe kwao ni manyunyu. Hiyo ya 199 inajifunza trafiki yako ya kawaida, ikiona imeruka inaanza kuchuja, na unapata alamu na takwimu ambazo kwenye ya bure huzioni. Mimi ningelipa hata miezi miwili mpaka jamaa wachoke. Angalia tu IP yako iwe ya aina ya Standard, zile Basic haziungi na zenyewe zilistaafishwa 30 Septemba 2025.

zabibu404
Na usidanganyike kukimbilia AWS, klaudi ya Amazon, kinga yao ya Shield Standard ni bure kweli lakini Advanced ni dola 3,000 kwa mwezi na unafunga mkataba wa mwaka mzima. Kwa hela hiyo mahindi yenyewe unanunua.

dada_seva
Subirini jamani, mnampangia dawa hata hajapimwa. Kaka Ilazo, wakati inakufa ilijaa nini, CPU au laini? Fungua grafu za VM halafu tuwekee mistari michache ya logi ya nginx (programu inayopokea maombi ya wavuti), futa IP za watu.

mwana_ilazo
CPU asilimia 100 muda wote, trafiki inayoingia haikufika hata Mbps 40. Logi ndio hii, imejaa hivi hivi kurasa na kurasa:

GET /bei/tafuta?q=aa
GET /bei/tafuta?q=ab
GET /bei/tafuta?q=ac

IP tofauti tofauti, nchi tofauti. Databesi ndio iliyokuwa inalia.

dada_seva
Basi hiyo laki tano ungeitupa. DDoS IP Protection inashughulika na tabaka la 3 na la 4 la mtandao, yaani mafuriko ya pakiti, UDP, SYN na wenzake. Wewe hukupigwa mafuriko, umepigwa maombi halali kabisa ya HTTP, kila moja linaiamsha databesi itafute herufi mbili kwenye jedwali zima. Ni kama mlinzi wa geti anahesabu magari yanayoingia uwanjani, yeye kazi yake imeisha hapo, hajui kwamba ndani kila abiria amefika dirishani anaomba arudishiwe chenji ya shilingi elfu kumi. Hata nyaraka za Azure zenyewe zinasema kwa tabaka la 7, ndio hilo la maombi ya HTTP, uweke WAF, kichujio cha maombi ya wavuti, na hiyo ni bili nyingine.

Na usione Mbps 40 ukadhani ni utani. 2023 ule mtindo wa shambulio wa Rapid Reset wa HTTP/2 uliwapiga Google maombi milioni 398 kwa sekunde, Cloudflare wao walipokea milioni 201 na walisema botineti yenyewe, kundi la mashine zilizotekwa, ilikuwa na mashine kama 20,000 tu. Tabaka la 7 halihitaji jeshi kubwa.

mzee_wa_makole
Nakuunga mkono dada. Mimi nina wavuti ya shule, niko Cloudflare ya bure miaka sasa, toka 2017 walishasema hawapimi ukubwa wa shambulio hata kwa wa bure. Ila kuna mambo mawili yalinitoa jasho. La kwanza niliwasha wingu la chungwa, ile swichi ya kupitisha trafiki kwao, nikajiona mjanja, kumbe rekodi ya mail ya domeini yangu ilikuwa inaonyesha IP ile ile ya seva, jamaa wakaja moja kwa moja wakanikuta. Ukishahamia nyuma yao badilisha IP, ya zamani ishajulikana, halafu fayawoli iruhusu IP za Cloudflare peke yake, orodha wameiweka hadharani. Au tumia Cloudflare Tunnel, seva yenyewe ndio inapiga simu kwenda nje, hakuna poti ya kugongwa.

La pili, kikomo cha maombi kwa IP. Niliweka maombi 20 kwa dakika, siku ya matokeo wazazi wote wakafungiwa! Hapa kwetu laini za simu watu wengi wanatokea kwa IP moja ya mtandao, wewe unaona mshambuliaji mmoja kumbe ni soko zima la Kibaigwa. Bora uwape changamoto ya kivinjari (jaribio la kuthibitisha ni mtu sio roboti) kwenye /bei/tafuta kuliko kuhesabu IP.

fundi_nkuhungu
Sawa kwa wavuti nimekubali, logi imenishinda. Lakini mmesahau 5023. Wingu la chungwa linapitisha HTTP na HTTPS tu, traka inaongea TCP yake mbichi. Spectrum, huduma ya Cloudflare ya kupitisha trafiki isiyo ya wavuti, kwa poti yoyote unayotaka ni mpango wa Enterprise, hapo ndio tunarudi kule kule kwenye mamilioni. Akiacha traka kwenye VM hiyo hiyo IP inabaki wazi, kesho wanaacha kutafuta bei wanamwaga UDP, wavuti na malori vinakufa pamoja.

dada_seva
Ndio maana asiviweke pamoja. Traka azipeleke kwenye kiVM kidogo OVH au Hetzner, kinga ya tabaka la 3 na la 4 anaipata humo humo bila bili ya pembeni. Ni Ulaya, mbali kuliko Johannesburg, lakini lori linatuma mahali lilipo kila baada ya sekunde 30, halina haraka ya kumzidi mnunuzi aliyeshika simu. Kaka, traka umeziwekea IP au jina la domeini?

mwana_ilazo
IP 😭 zipo 34.

mzee_wa_makole
Hahaha pole, andaa salio la SMS za kuzibadilisha moja moja. Na ile namba ya WhatsApp usiifute, piga picha meseji na uhifadhi logi, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, nenda polisi ukafungue jalada. Ukilipa 120 leo mwezi ujao ni 300.

mwana_ilazo
Mrejesho wakuu, Alhamisi usiku. Wavuti imekaa nyuma ya Tunnel, kwenye NSG (fayawoli ya Azure) nimeondoa ruhusa ya 443, IP ya zamani nimeifuta. Utafutaji sasa unataka herufi tatu kwenda juu na matokeo yanakaa kwenye kashe (yanahifadhiwa tayari bila kuisumbua databesi) dakika tano, nadhani hili peke yake lingeniokoa Jumatatu. Jana walirudi saa nne asubuhi, niliona kwenye dashibodi maombi yanapanda kama moto wa nyasi, CPU ikacheza kwenye 20, nikaendelea na chai.

Traka nimetuma SMS moja moja, SERVER,1, jina la domeini, 5023,0# na zimehamia kwenye kiVM cha Ulaya. Ya Azure ya 199 sijalipa, fundi samahani. 31 zimeitika. Mbili laini zimefungwa kwa kutotumika, na moja ramani inasema lori lipo Manyoni toka Jumanne wakati dereva ananiambia yuko Kahama anapakua.