Uzi wa wikendi: kitabu gani cha mapishi na riwaya gani vinakutuliza? Tupeane uzoefu

Habari za Jumamosi, wapendwa. Nimeshafua na kuanika, maharage yako kwenye mkaa yanachemka taratibu, na nina saa mbili ambazo hakuna anayenidai. Hizo ndizo saa zangu za kusoma. Wiki nzima nazingojea.

Naomba tupeane uzoefu. Wikendi ukitaka kutulia, unashika kitabu gani? Nauliza vitabu vya mapishi na riwaya kwa pamoja kwa sababu mimi navisoma kwa namna moja: nakaa, nafungua, naingia kwenye nyumba ya mtu mwingine. Tafadhali msiniletee majina matupu. Tuambieni mlikipataje, mlikisomea wapi, kiliwaachia nini.

Nianze mimi. Kitabu changu cha mapishi ni In Bibi's Kitchen cha Hawa Hassan, alichokiandika pamoja na Julia Turshen, kimetoka 2020. Dada yangu aliniletea alipokuja likizo. Ni mapishi ya mabibi wa nchi 8 zinazopakana na Bahari ya Hindi, toka Eritrea na Somalia, Kenya, Tanzania, hadi Afrika Kusini, na visiwa vya Komoro na Madagaska. Ndani mna mazungumzo na mabibi wenyewe, na mimi hapo ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kwenye mapishi. Unamsikia mtu mzima akieleza alifunzwa na nani kupika, na sasa anamfunza nani.

Kinachoniuma ni kimoja. Jina la kitabu limebeba neno letu, bibi, ila maelezo yote ni ya Kiingereza, na mama yangu Kiingereza hajui. Basi huwa namfasiria kwa sauti, yeye akichambua mchele. Ananikatiza karibu kila mstari. "Kikombe kimoja, kikombe cha nani?" Amekulia kwenye kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja, na nazi anaipima kwa kuitazama. Kuna siku tulimaliza kurasa mbili tu kwa saa nzima, kwa sababu kila chakula kilimkumbusha jirani fulani wa zamani, arusi fulani, mwaka fulani wa njaa. Hayo mengine nimeyaandika pembeni ya kitabu kwa penseli.

Kwa riwaya sina mjadala: Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Nimeisoma mara tatu. Yasmin, binti mdogo aliyeozwa kwa Raza, mzee wa kumzaa, anaondoka na kwenda mtaa wa Ng'ambo, Unguja, kwa rafiki yake Mwajuma. Kila nikifika hapo nashusha pumzi kama vile ni mimi niliyefunguliwa mlango. Filamu yake ya 2021 ya Amil Shivji nimeiona na nimeipenda, lakini kwenye kitabu naweza kukaa chumbani kwa Mwajuma kwa muda ninaoutaka mimi.

Karibuni.

Mchangiaji, Tanga

Asante dada kwa uzi huu. Mimi ni mwanaume na jikoni naingia, niseme mapema.

Kitabu changu cha wikendi ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960. Marehemu baba alikuwa na nakala iliyochakaa, jalada limeshikwa kwa gundi na karatasi ya kaki. Jumapili baada ya adhuhuri alikuwa anatusomea barazani, mama akikata kashata. Bwana Msa, mpelelezi wa humo, hakimbizani na mtu wala hatoi bastola. Anavuta kiko chake, anatazama, anauliza swali ambalo wote tuliliona dogo, halafu sura tatu mbele unagundua kuwa swali lile ndilo lililofungua fundo. Baba alikuwa akifunga kitabu palepale pa utamu na kusema, "Haya, nani kaua? Mje na jibu wiki ijayo." Wiki nzima mimi na ndugu zangu tulibishana. Nadhani ndivyo nilivyojifunza kusikiliza maneno ya watu.

Sasa nina wanangu. Mkubwa ndio nimemuanzishia Kisima cha Giningi, cha mwandishi huyohuyo. Mdogo bado, huyo namsimulia Abunuwasi tukiosha vyombo, na anayopenda ni ile ya sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kijisufuria ndani, anasema imezaa. Jirani anafurahi, anapokea. Safari nyingine anaazima kubwa zaidi, harudishi, anasema imekufa. Mwanangu kila akishika sufuria kubwa ananiuliza kama hii nayo ina mimba.

Cha mapishi sina. Mama hakuandika.

Mchangiaji, Mwanza

Mimi naomba nitofautiane kidogo na neno "kutulia". Riwaya iliyonishika kuliko zote ni Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971. Mwandishi ni mtu wa Ukerewe, ng'ambo ya maji hapa kwetu, kwa hiyo nilipoanza nilikuwa najivunia nyumbani. Nilipomaliza nilikuwa nimekaa gizani, samaki niliyemtia chumvi asubuhi bado hajapikwa. Baba mkali vile, halafu binti anatoka nyumbani hajui hata kuzungumza na mwanaume. Nina mabinti wawili. Tangu siku hiyo naongea nao.

Ukitaka kupumzika soma Kufa na Kupona ya Elvis Musiba. Willy Gamba, jasusi wa humo, hana muda wa kukuliza.

Mchangiaji, Mombasa

Hamjambo wote. Kitabu changu cha mapishi hakikuchapishwa popote. Ni daftari la shule la kurasa 96 ambalo mamangu aliandika tangu alipoolewa. Lina madoa ya samli, kurasa za mahamri zimegandana, na pembeni ameweka alama kwa majina ya watu: hii ya fulani, hii nilipewa kwenye matanga ya fulani. Mama ametutoka miaka sita sasa. Nilipolifungua mara ya kwanza baada ya arubaini sikuweza kupita ukurasa wa pili, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa unaongea.

Shida yake ni hii. Kila kipimo ameandika "kikombe cha kijani". Kikombe hicho kilivunjika mimi nikiwa darasa la nne, nakumbuka hata siku yenyewe. Kwa hiyo nilikuwa na mapishi yote ya mamangu na sikuwa na hata kipimo kimoja. Nilichofanya ni kuchukua mahamri, ambayo ladha yake naijua kwa ulimi, nikapika Jumamosi tatu mfululizo nikibadilisha vikombe, mpaka siku moja dadangu akauma na kunyamaza. Hapo nikajua. Nikapima kikombe nilichotumia, nikaandika kwenye jalada la ndani ili wanangu wasipate taabu niliyopata mimi.

Riwaya yangu ni Siku Njema ya Ken Walibora, Mungu amrehemu. Tuliisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, na mtihani uliniharibia. Nilikuwa natafuta tamathali za usemi badala ya kumfuata kijana mwenyewe. Nimeirudia nikiwa mtu mzima, Jumamosi moja mbaazi zikiwa jikoni, na nikalia kwa kweli. Kongowea anatoka Tanga kuja Kenya kumtafuta babake, na mimi nilikuwa nimetoka tu kumtafuta mamangu ndani ya daftari. Isitoshe, jina lake ndilo jina la soko ninaponunua nazi.

Mwanzisha uzi

Dada wa Mombasa, nimesoma habari ya kikombe cha kijani na nimemsomea mama. Ameacha mchele. Kasema nikuulize kama daftari lina mkate wa kumimina, na kama unaweza kutupa kwa vipimo ulivyovipata.

Mchangiaji, Mombasa

Lipo. Mchele vikombe viwili, loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, saga na tui zito kikombe kimoja na nusu, sukari nusu kikombe au zaidi kidogo, hamira kijiko kimoja cha chai na iliki uliyotwanga mwenyewe. Usage mpaka chenga ziishe, ukipitisha vidole usikute punje. Funika uache uumuke. Ukiona povu juu na umepanda, tia ute wa yai moja, koroga polepole, umimine kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na iliyopata moto. Chini mkaa kidogo, ukishaanza kushika weka makaa juu ya mfuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini.

Kuumuka kunachukua kama saa moja, joto likiwa jingi ni pungufu. Mama aliandika hapo: "kaa karibu, usiende mbali." Mimi hapo ndipo ninaposoma.

Mchangiaji, Maskati

Assalaam aleikum. Nyumbani kwetu asili ni Unguja, mimi nimezaliwa huku. Watoto wangu Kiswahili wanakielewa, kukisoma wanakisita. Mwaka 2022 ilipotoka Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, nikaagizia nakala mbili, moja yangu na moja ya mama. Mama ana miaka 81, macho hayampi, kwa hiyo kila Ijumaa, ndiyo wikendi yetu huku, namsomea baada ya chakula.

Yusuf ana miaka 12, anakabidhiwa kwa Ami Aziz kwa sababu ya deni la babake, na mwenyewe hajui. Anadhani anakwenda safari tu. Mama alininyamazisha hapo, akakaa kimya muda, kisha akanisimulia habari ya mtoto aliyekuwa nyumbani kwao alipokuwa mdogo, ambaye hakuna aliyewahi kumweleza alitoka wapi. Sikuwahi kuisikia habari ile. Niliwahi kuisoma Paradise kwa Kiingereza miaka ya nyuma, nikiwa peke yangu, na ilipita. Kwa Kiswahili ilimfikia mama, na kwa mama ikanifikia mimi.

Kuhusu mapishi, Ijumaa ni urojo. Kitabu ni mama mwenyewe. Nimeanza kumrekodi kwa simu.

Mchangiaji, Kampala

Nimechelewa. Mwenye uwezo wa kukipata asome The Settler's Cookbook cha Yasmin Alibhai-Brown. Alizaliwa hapa Kampala katika jamii ya Wahindi, akaondoka 1972, mwaka Idi Amin alipowapa siku 90 waondoke nchini. Ni maisha yake yote, na katikati ya maisha mna mapishi. Nilikipata kwenye duka la vitabu vya mitumba na nilidhani ni kitabu cha viungo tu. Kumbe mtu anaweza kufukuzwa na bado akaondoka na muhogo kinywani: jamii hiyo mpaka leo, huko Uingereza, wanauita mogo. Nimezaliwa baada ya yale yote, na nyumba tuliyopanga utotoni ilikuwa na jiko la mawe ambalo hatukujua lilijengwa na nani. Nimelifikiria sana jiko lile.

Mchangiaji, Tanga

Narudi na taarifa. Jana usiku nililoweka mchele, leo Jumapili nimepika mkate wa kumimina kama ulivyoelekeza dada. Pembeni umeshika sufuria, katikati umetoka vizuri na vitundu vyake. Wakati unaumuka nilimsomea mkubwa sura mbili za Kisima cha Giningi, na mdogo akakaa pale kwenye bakuli akituambia povu limefika wapi.

Vipimo nimeviandika kwenye daftari jipya. Ukurasa wa kwanza nimeandika: huu ni wa mama wa Mombasa, kikombe cha kijani.